Mizani ya Ijumaa

Kila Ijumaa saa nne asubuhi, uji ukishanywewa na vikombe vikishasuuzwa, wanafunzi wa shule ya Mwalimu Chediel, nje kidogo ya Mtinko, walipanga mstari mbele ya stoo ili wapimwe uzito. Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia mahindi, ya kukanyaga, yenye uso wa saa na mshale, rangi yake ya kijani imebanduka. Mwanafunzi alivua viatu, akapanda, akasubiri mshale utulie, na Mwalimu Chediel akaandika kwenye daftari alilolipigia mistari kwa rula. Hapakuwa na mtihani mwingine.

Shule hiyo ilikuwa na jina refu kwenye kibao, lakini watu wote, hata waliokisoma kibao, waliiita Jichagulie. Jumatatu asubuhi kila mtoto aliandika ubaoni kwa mkono wake mambo matatu: jina lake, anachotaka kujifunza wiki hiyo, na nani atamfundisha. Baada ya hapo ilikuwa juu yake kumtafuta huyo mtu popote alipo, awe gereji, zahanati au zizini kwake, amsalimie vizuri na amwombe. Ijumaa alipimwa. Lililoingia kichwani lilionekana kwenye mshale.

Aliyeligundua jambo hili ni Mama Febronia, mpishi, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda na ile mizani. Mwaka wa kwanza wa shule, mwanafunzi aitwaye Nathan aliingia stoo kumtolea gunia, akaikanyaga kwa bahati mbaya, ikasoma kilo themanini na moja. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo alikuwa sitini na mbili. Katikati ya hapo alikuwa amejifunza mambo ya pembetatu kwa fundi wa kuezeka. Kamati ya shule ilikaa na kuona kwamba tatizo ni uji.

"Mama Febronia, unawashindilia watoto," mwenyekiti alisema.

Akapunguza unga, akapunguza sukari. Wiki iliyofuata Nathan alijifunza mzunguko wa damu kwa tabibu wa zahanati, akaongezeka kilo kumi na moja na tumbo limebonyea vile vile. Ndipo kamati ikaandika kwenye muhtasari kwamba uzito unatokana na elimu, ikafunga kikao kwa sala, na uji ukarudi kama zamani.

Madereva wa bodaboda ndio waliozoea mapema. Mtoto wa Jichagulie akisimama barabarani walimuuliza kwanza, "Wiki hii umesoma nini?" Kiswahili walikibeba. Fizikia walisema itembee. Madawati yalivunjika yote kabla ya Pasaka, kwa hiyo wazazi walisukuma mawe kutoka mlimani, kwani mawe Singida hayajawahi kuadimika, na watoto wakakalia mawe.

Lakini mizani ile haikuwa ya kudanganywa. Kilichokaririwa kilipima vizuri tu siku ya Ijumaa, ila kikifika Jumapili kilikuwa kimeshamwagika njiani, na Jumatatu mtoto alirudi na uzito wake wa zamani.

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya Scholastika.

Scholastika alikuwa mjukuu wa Mama Febronia, mtoto wa marehemu mwanawe Joseph. Mwaka mzima alikuwa kilo arobaini na moja. Alichagua kompyuta, akapanda mpaka arobaini na nne, Jumatatu arobaini na moja. Alichagua sayari. Alichagua Kifaransa kwa padri mgeni. Arobaini na moja. Aliandika maneno makubwa ubaoni ili baba yake mdogo akipita barabarani ayaone, na bibi yake, akiwa anakoroga sufuria, aliona kwamba mtoto anasomea barabara.

Huyo baba mdogo aliitwa Alute, mtoto wa shemeji yake Febronia, mfanyabiashara wa kuku. Alinunua kuku vijijini, akawapakia kwenye matenga na kuwapeleka Dar es Salaam kwa basi, na kwenye viti vya basi hilo hilo alipeleka wasichana aliowatafutia kazi za ndani. Walikuwa wamefika kumi na mmoja. Alikuwa na mkono wa kukadiria: alimshika kuku mbawa, akamnyanyua kidogo, akasema kilo moja na robo, na ilikuwa kilo moja na robo. Siku ya kumaliza matanga ya Joseph, ukoo ulimpa yeye kauli juu ya Scholastika. Alimshika mtoto makwapani mbele ya watu, akamnyanyua kidogo, akamshusha.

"Arobaini na moja," alisema. "Haya, asome. Ila mwisho wa mwaka karatasi ya mkaguzi ikisema hajaongezeka, namtafutia kazi Dar."

Wazee waliona ni maneno ya busara. Mama Febronia alikuwa anawamiminia watu maji ya kunawa. Alimtazama Alute vidole, mmoja mmoja, kisha akamfikia mtu aliyefuata.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya mwaka, Scholastika alishika chaki akakaa nayo muda mrefu. Halafu akaandika: Scholastika Joseph. Vitunguu. Bibi wa jikoni.

Alimkuta bibi yake anachambua maharage kwenye ungo.

"Kafute," Mama Febronia alisema bila kuinua macho. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Ubao haufutwi mpaka Ijumaa, bibi."

"Mimi nina darasa la saba."

"Sijaomba cheti. Shikamoo."

"Umeshaniamkia asubuhi."

"Ile ilikuwa ya bibi. Hii ni ya mwalimu."

Mama Febronia aliweka ungo chini, akamwita Mwalimu Chediel aje amtoe katika jambo hili. Mwalimu alikuja, akasimama mlangoni na miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

"Mama, sheria niliitunga mwenyewe na imeshanishinda nguvu," alisema. "Mwaka jana Nathan alimchagua Gasto mlevi."

"Akajifunza nini kwa Gasto?"

"Historia. Kilo nane."

Basi Mama Febronia akafanya ishara ya msalaba, akaitikia marahaba ya pili, na wakaenda shambani kwake nyuma ya shule.

Hakujua kufundisha, kwa hiyo alifanya kazi zake na kusema anachokifanya. Alimwonyesha kwamba kitunguu hakikuambii kimekomaa kwa ukubwa. Kinakuambia kwa shingo, shingo ikilegea na majani yakalala yenyewe. Siku hiyo maji yanakoma, hata roho ikikuuma. Alimwonyesha kukianika kivulini kwenye upepo, na kukata shingo kwa kuacha vidole viwili, si kimoja, maana kwenye kimoja uozo unaingia kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Chenye shingo nene kiliwe mwanzo, hakikai. Kichanja kiwe juu kiasi cha kuku kupita chini na mbuzi asipite. Alimwonyesha na gunia la wachuuzi wa mjini, lile la lumbesa, jinsi wanavyolishonea wavu juu ya mdomo likavaa kilemba, gunia moja likala vitunguu vya gunia moja na nusu.

"Na wewe unauzaje?" Scholastika aliuliza.

"Kwa lumbesa."

"Na unajua?"

"Tunajua wote. Lori ni lao."

Jumatano mtoto aliacha alama za miguu yake kwenye matuta. Alhamisi aliketi kwenye kigoda cha jikoni, kikafunguka miguu yote mitatu kwa pamoja, na bibi yake akaikusanya akaitia jikoni chini ya maharage.

Ijumaa alifika mkaguzi. Siku hizi huitwa mthibiti ubora, lakini watu hawajapata nafasi ya kubadilisha. Jina lake Sixbert, kijana mstaarabu, alikuja na pikipiki na fomu zilizofungwa kwenye nailoni kwa sababu ya vumbi. Alimwamkia kila mkubwa. Alionyeshwa mizani, akauliza kama imehakikiwa na watu wa vipimo, akaonyeshwa stika, akaridhika. Kwa uaminifu alipanda mwenyewe kwanza. Kilo sitini na nne.

"Kabla ya chuo kikuu ulikuwa ngapi?" Mwalimu Chediel alimuuliza.

"Sitini na tatu." Sixbert alifikiri kidogo. "Lakini leo nina viatu."

Scholastika alipanda peku. Mshale ulipita arobaini na moja bila kugeuka nyuma, ukapita sabini, ukatulia kwenye tisini na saba. Mwalimu Chediel aliandika, akapangusa miwani, akaandika tena juu yake ili wino ukolee. Nathan alipiga mluzi, akaambiwa atoke nje.

"Kafundishwa na nani?" Sixbert aliuliza, kalamu imeshafika kwenye kisanduku.

Wakamwita Mama Febronia. Alikuja anafuta mikono kwenye kitenge. Sixbert alieleza kwamba mwalimu naye hupimwa, ili ijulikane kilichotolewa kilikuwepo. Mama Febronia alisema hapendi. Yeye na viti walikuwa hawaelewani tangu zamani, na pikipiki hajawahi kupanda. Kanisani, mahali anapopiga magoti, saruji ilikuwa imeingia mabonde mawili, akina mama wakamwachia pawe pake. Nyayo zake za masika zilikaa na maji wiki nzima na vifaranga walikunywa humo. Alidhani ni dhambi. Alishamweleza padri kwenye kitubio, padri akasikiliza zote akamwambia ni za kawaida tu, asali Salamu Maria tatu.

"Panda tu, mama," Sixbert alisema. "Ni utaratibu."

Akapanda. Mshale ulizunguka uso wote wa mizani mara mbili, ukasikika kitu ndani kinakatika, kisha ukaning'inia chini kama mkono wa mtu aliyesinzia.

"Andika nyingi," Mwalimu Chediel alisema.

"Fomu inataka tarakimu."

Kulikuwa na lori la alizeti linarudi mjini tupu. Walimpandisha Mama Febronia kwa ubao na kamba, na dereva alishangaa kidogo tu, akasema leo lori lake tupu ni zito. Walimpeleka kwenye mizani ya magari kwenye barabara kuu, wakamshusha, akasimama mwenyewe katikati ya lile bamba la chuma, amekunja mikono, na malori mawili nyuma yake yanasubiri.

"Ekseli ngapi?" karani aliuliza kupitia kidirisha.

Sixbert alimtazama Mama Febronia miguuni. "Mbili."

Karani alibonyeza, mashine ikatoa karatasi: tani mbili na kilo mia nne na kumi. Alisema yuko ndani ya kiwango, anaweza kuendelea na safari. Mama Febronia aliikunja karatasi ile mara nne na kuitia kwenye fundo la kitenge, pamoja na rozari.

Waliporudi shuleni Sixbert aliketi juu ya jiwe na kujaza. Penye jina la mwalimu aliandika Febronia. Penye namba ya cheti alikwama.

"Darasa la saba," Mama Febronia alimsaidia. Akafungua fundo, akampa ile karatasi ya mizani.

"Hii ni ya magari, mama yangu."

"Ina muhuri."

"Ina muhuri, ndiyo. Lakini fomu haina mahali pa uzito wa mwalimu. Ina mahali pa cheti."

"Si uandike pembeni."

"Pembeni hapasomwi."

Alisema hivyo kwa upole na kwa masikitiko ya kweli. Akaandika penye kazi: mpishi. Na kwa kuwa aliyefundishwa na asiye mwalimu hahesabiwi kuwa amefundishwa, penye ongezeko la Scholastika kwa mwaka akaandika sifuri. Aliisahihisha kwa kuizungushia mara mbili isije ikasomeka sita. Alikunywa uji, akausifu, akaondoka.

Alute alikuja Jumamosi asubuhi na nakala mfukoni.

"Shikamoo, mama mkubwa. Karatasi imesema."

"Marahaba. Nimesikia ilivyosema."

"Basi la saa tatu. Kuku wameshatangulia kituoni."

Alikuwa amekuja na bodaboda ya Michael. Michael alizima injini, akamtazama Scholastika tangu kichwani hadi miguuni.

"Huyu kasoma nini?"

"Vitunguu," Scholastika alisema.

"Vitunguu na Alute na begi? Hapana. Springi zangu ni za juzi."

Alute akasema basi watembee, ni kilomita tatu tu. Akatangulia akiongea kwenye simu na mama mmoja wa Dar aliyetaka msichana mpole, asiyekula sana. Begi alilibeba yeye, hilo lilikuwa jepesi. Mama Febronia alisema atawasindikiza, na hakuna aliyeweza kumkatalia kusindikiza.

Alianza kumfundisha pale pale mlangoni.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesali rozari, tendo baada ya tendo bila kuruka. Alimwambia kuni zipi hazina moshi na zipi zinatoa sumu. Upepo ukigeuka ukatoka upande gani, mvua iko siku ngapi. Jinsi ya kulijua yai bovu bila kulipasua. Jinsi ya kumshika mtoto mwenye degedege, na jinsi ya kumkalisha mama yake. Maneno ya kusema msibani, na kwamba mengi si ya kusema. Walipofika penye korongo alimwambia mlango wa chumba cha kulala ufungwe kwa ndani, na kama hauna kitasa, gunia la mchele. Alimwambia namna ya kumwambia mwanamume hapana akasikia hapana. Penye kinu cha alizeti alihamia Kinyaturu, kwa sababu yaliyofuata hayakuwa na Kiswahili, na mengine alipewa na mama yake akiwa amebebwa mgongoni.

Scholastika aliuliza maswali. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Aliuliza, akapinga, akarudia kwa maneno yake, na kila aliporudia, mguu wake ulizama zaidi kwenye mchanga. Mwanzoni zilionekana nyayo za aina tatu. Walipofika barabarani, za bibi na za mjukuu hukuweza kuzitofautisha, na Alute, aliyekuwa mbele, hakuwahi kugeuka.

Kituoni basi lilisimama. Scholastika alishika mkono wa bibi yake.

"Bibi, niende?"

"Nenda. Kaa karibu na kuku."

Alipokanyaga ngazi, basi liliinama upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala, kisha likajikaza likaondoka. Mama Febronia alirudi kwa miguu. Alifika, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi, akaketi chini mlangoni kwa vile kigoda hakikuwepo, akaanza Matendo ya Uchungu ingawa haikuwa siku yake.

Alikuwa kwenye tendo la nne lori la alizeti liliposimama barabarani saa tisa alasiri, kwa breki ndefu. Dereva alishuka akatoa ubao na kamba.

"Shikamoo, bibi," Scholastika alisema.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Alimpakulia. Mtoto alieleza huku anakula. Kwenye mizani ya barabara kuu basi lilizidi. Karani akasema waondoe mzigo wa kilo mia tano na sitini, ama halipiti. Walihesabu mabegi, hayakufika. Walihesabu matenga ya kuku, yakafika pamoja na maji yao. Wakamhesabu yeye, akafika peke yake, kamili. Kondakta alimgeukia baba mdogo akamwambia, kuku au binti, chagua, watu wanachelewa.

"Akafikiri?" Mama Febronia aliuliza.

"Akafikiri kidogo. Akasema kuku wakikaa juani watakufa."

Mama Febronia alimwongezea mboga.

Jumatatu Scholastika aliandika ubaoni jina lake na vitunguu, ingawa shule ilikuwa imefungwa. Kwenye faili lake wilayani anasomeka sifuri, na mpishi anasomeka mpishi. Mizani ya stoo ilitengenezwa na Nathan, na mshale unafanya kazi, ila ukipita mia moja unatetemeka. Yule mama wa Dar alikuwa bado anangoja, kwa hiyo wiki iliyofuata Alute alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Febronia, akamshika Lucy makwapani, akamnyanyua kidogo, akasema thelathini na nane. Lucy alipanda basi la saa tatu pamoja na kuku wote, na karani wa mizani akawapungia mkono wapite.

Tangu hapo, Jumamosi Mama Febronia huwaita wasichana wa jirani shambani kwake. Ni tisa, mdogo ana miaka kumi. Anafanya kazi zake na kusema anachokifanya, na Scholastika anasahihisha wanaporudia. Jioni, kabla hawajaenda makwao, Mama Febronia huwapanga mstari kwenye tuta, akamshika kila mmoja makwapani na kumnyanyua kidogo. Wengine miguu inachelewa kuachana na udongo. Lakini Jumamosi iliyopita wote tisa walinyanyuka.

"Bado," aliwaambia, akawashusha mmoja mmoja. "Njooni mapema wiki ijayo."